Dalali wa asilimia sita: kamisheni kubwa humfaidi nani?

Ukitafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam, kuna gharama moja ambayo ni vigumu kuikwepa: kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Unamlipa mwenye nyumba miezi yake, halafu unaongeza mwezi mwingine kwa mtu aliyekupeleka. Ukilalamika, jibu liko tayari: bila yeye ungeipata wapi? Ukimwomba apunguze, utasikia jibu la pili, na hilo ni methali kabisa: rahisi ghali. Yaani dalali anayelipwa vizuri atakuhangaikia, na anayelipwa kidogo atakupeleka kwenye nyumba inayovuja.

Hoja hiyo haikuzaliwa Dar. Ni hoja ileile ambayo madalali wa nyumba wa Marekani wameitoa kwa zaidi ya miaka mia moja, tena kwa dau kubwa zaidi, kwa sababu kule kwa muda mrefu kamisheni ya kuuza nyumba ilikuwa karibu asilimia 6 ya bei yote. Je, hela hiyo humletea muuzaji bei nzuri? Humsaidia mnunuzi?

Huku kwetu swali hili ni gumu kupima, maana makubaliano mengi hufanyika kwa mdomo na kwa simu. Marekani kuna rekodi za mauzo za miaka mingi: nyumba ilitangazwa lini, kwa bei gani, iliuzwa lini, kwa bei gani, na dalali alikuwa nani. Ndiyo maana wachumi wa kule wameweza kulichimba. Lakini takwimu peke yake hazitoshi. Ili tuelewe kwa nini asilimia 6 ilidumu hivyo, lazima tuanze na historia.

Kutoka "cha juu" hadi chama

Mwishoni mwa karne ya 19 biashara ya kuuza nyumba na viwanja Marekani ilikuwa holela. Mtu yeyote angeweza kuamka asubuhi akajiita dalali. Hakukuwa na leseni wala ofisi ya lazima, na wengi walifanyia kazi pembeni mwa barabara.

Njia mojawapo ya malipo ungeitambua mara moja. Mwenye nyumba anamwambia dalali, "Mimi nataka dola 2,000 yangu," na dalali anauza kwa 2,600 na kubaki na 600. Sisi tunaiita kupiga cha juu. Muuzaji hajui nyumba imeuzwa kwa bei gani, mnunuzi hajui mwenye nyumba alitaka kiasi gani, na anayejua yote mawili ni mtu mmoja tu katikati.

Mei 1908 madalali 120 kutoka bodi 19 za miji walikutana Chicago na kuunda chama cha kitaifa. Mwaka 1913 chama kikapitisha kanuni za maadili. Mwaka 1916 dalali wa Minneapolis aitwaye Charles N. Chadbourn alipendekeza jina maalumu la kuwatofautisha wanachama na madalali wa mtaani: realtor. Jina hilo mpaka leo ni alama ya biashara ya chama chao, kinachofahamika kwa kifupi kama NAR. Kisha zikaja sheria za leseni jimbo kwa jimbo, California ikiwa miongoni mwa za mwanzo.

Tuwe wa haki hapa. Utaratibu huu ulileta faida za kweli. Kamisheni ya asilimia inayojulikana ilimpa muuzaji uhakika wa makato, badala ya kuibiwa cha juu gizani. Mtu mwenye leseni anaweza kunyang'anywa leseni. Kwa mwanzo huo, kamisheni ya wazi ilikuwa hatua ya mbele.

Lakini chama chenye kanuni kina nguvu, na nguvu hutumika kwa mambo mengi. Kanuni za mwaka 1924 zilikuwa na kifungu cha 34, kilichomkataza mwanachama kuingiza kwenye mtaa watu wa rangi au taifa ambao kuwapo kwao kungeshusha thamani ya nyumba za hapo. Maneno ya rangi yaliondolewa mwaka 1950, baada ya Mahakama ya Juu kuamua mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kusimamia mikataba ya kuwazuia watu weusi kununua nyumba. Nalitaja hili kwa sababu linatuonyesha kazi halisi ya dalali. Dalali huamua pia mnunuzi gani aonyeshwe nyumba gani. Shika wazo hilo, tutalirudia.

Bei ya pamoja yafika mahakamani

Bodi nyingi za miji zilikuwa na jedwali la kamisheni. Washington, kwa mfano, kanuni za bodi ziliwataka wanachama wafuate viwango vilivyopangwa na wasitafute wateja kwa kutoza chini ya hapo. Serikali ikaishitaki bodi hiyo, na mwaka 1950 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba udalali wa nyumba ni biashara kama biashara nyingine, na kwamba kupanga bei kwa pamoja ni kuvunja Sheria ya Sherman ya mwaka 1890, ile ya kupambana na ukiritimba.

Ungetegemea nini baada ya hapo? Bila jedwali, madalali washindane, mmoja atoze 6, mwingine 4, mwingine 2. Ushindani ungefanya kazi yake.

Haikuwa hivyo. Majedwali yalipotea hatua kwa hatua, lakini asilimia yenyewe ikabaki karibu palepale. Simu ikaenea, kompyuta ikaja, intaneti ikaja, bei za nyumba zikapanda mara nyingi, na bado muuzaji alitajiwa 5 au 6. Kazi nyingi za uwakala zilishuka bei baada ya intaneti. Tiketi za ndege na ununuzi wa hisa ni mifano miwili. Nyumba zikagoma.

Sababu moja kubwa ni orodha ya pamoja ya mauzo, inayojulikana kama MLS. Iwaze kama daftari moja la mji. Dalali wa muuzaji anaiandika nyumba humo, na madalali wote wa mji wanaiona. Yeyote atakayeleta mnunuzi anagawiwa sehemu ya kamisheni, mara nyingi nusu. Kwa namna moja hili ni wazo zuri sana: badala ya kuzunguka kwa madalali ishirini, unaandika mara moja. Lakini angalia malipo yanavyokwenda. Muuzaji analipa asilimia 6, dalali wake anabaki na 3, na 3 inakwenda kwa dalali aliyemleta mnunuzi. Sehemu hiyo iliandikwa kwenye daftari lenyewe, mahali ambapo madalali wote waliiona na mnunuzi kwa kawaida hakuiona.

Na dalali huyo wa upande wa mnunuzi alikuwa anamtumikia nani? Kwa miaka mingi, kisheria, alihesabiwa kuwa msaidizi wa dalali wa muuzaji. Mwaka 1983 tume ya serikali kuu inayosimamia ushindani wa biashara, FTC, ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanunuzi wengi waliamini dalali anayewazungusha ni wa kwao. Mnunuzi anamnong'oneza, "Nimetoa ofa ya 90, lakini naweza kufika 100," kumbe anamwambia mtu mwenye wajibu kwa upande wa pili! Miaka ya 1990 utaratibu ukabadilika na madalali wa kumwakilisha mnunuzi wakawa jambo la kawaida. Ila mfuko wa malipo ulibaki uleule.

Hesabu ndogo inayoeleza mambo makubwa

Sasa tufanye hesabu. Tuseme nyumba ni ya dola 400,000 na kamisheni ni asilimia 6, yaani dola 24,000. Pande mbili zinagawana, 12,000 kila upande. Dalali anafanya kazi chini ya kampuni, na tuseme kampuni inachukua nusu. Mfukoni mwake zinaingia 6,000, sawa na asilimia 1.5 ya bei.

Leo kaja mnunuzi mwenye 380,000. Dalali anajua soko, na anaona kwamba mkisubiri mwezi mmoja mtapata 400,000. Kwa muuzaji, kusubiri kuna faida ya dola 20,000. Ukitoa kamisheni ya asilimia 6 anabaki na 18,800. Kwa dalali, kusubiri ni mwezi mzima wa kuonyesha nyumba, kupiga simu na kulipia matangazo, na nyongeza yake ni dola 300. Akikubali leo anapata 5,700 na kuhamia kwa mteja mwingine. Wewe ungemshauri mteja nini?

Upande wa mnunuzi ni hivyohivyo. Dalali wake akimsaidia kushusha bei kwa 20,000, mnunuzi anaokoa 20,000 na dalali anapoteza 300. Kiasi hicho hakitoshi kumfanya amsaliti mteja, ila hakimpi sababu ya kukomaa. Kinachomlipa ni biashara kufungwa, iwe kwa bei yoyote ile.

Hapa ndipo hoja ya "mlipe zaidi akuhangaikie" inapoyumba. Pandisha kamisheni kutoka 6 hadi 10. Nyongeza ya dalali kwa zile 20,000 inakuwa 500 badala ya 300. Muuzaji ameongeza gharama zake kwa maelfu ya dola, na hamu ya dalali kusubiri bei nzuri imepanda kwa dola 200. Kumbe ukubwa wa asilimia na umbo la malipo ni vitu viwili tofauti. Asilimia moja inayokatwa kwenye bei nzima humlipa dalali zaidi kwa sehemu ambayo nyumba ingeuzwa hata angelala, na humlipa kidogo sana kwa ile sehemu ya juu inayohitaji ujuzi na subira.

Dalali anapouza nyumba yake mwenyewe

Hesabu ni nadharia. Utaijaribuje? Steven Levitt na Chad Syverson, wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, walipata njia ya busara: waliangalia madalali wanapouza nyumba zao wenyewe. Mtu yuleyule na ujuzi uleule, ila safari hii zile 20,000 ni zake zote.

Walichukua karibu mauzo 100,000 ya eneo la Chicago, wakalinganisha nyumba za madalali na za wateja, huku wakizingatia ukubwa, mahali, umri na sifa nyingine. Matokeo waliyochapisha mwaka 2008: nyumba za madalali ziliuzwa kwa bei ya juu kwa asilimia 3.7, na zilikaa sokoni siku 9.5 zaidi. Kwao wenyewe, walisubiri.

Huenda unajiuliza: labda madalali wana nyumba nzuri zaidi, au wanazipaka rangi vizuri kabla ya kuuza? Ni pingamizi halali. Lakini watafiti waliona pia kwamba pengo lilikuwa kubwa zaidi pale ambapo dalali anamzidi mteja kwa taarifa. Kama sababu ingekuwa rangi ya ukuta tu, pengo lisingefuata mkondo wa taarifa namna hiyo.

Kuuza bila dalali

Swali linalofuata: je, dalali huongeza bei kiasi cha kulipia gharama yake? Vyama vya madalali hupenda kulinganisha wastani wa nyumba zilizouzwa na dalali na zile zilizouzwa na mwenyewe, halafu kuonyesha kwamba za dalali zina bei kubwa. Ulinganisho huo una tundu. Wanaouza wenyewe si watu wa aina moja na wengine: kuna anayemuuzia jirani au ndugu, kuna mwenye nyumba ya bei ndogo asiyeona maana ya kulipa kamisheni. Ni kama kulinganisha afya ya waliolazwa na ya walio nyumbani, kisha kusema hospitali inaua.

Igal Hendel, Aviv Nevo na François Ortalo-Magné walitafuta ulinganisho bora zaidi huko Madison, Wisconsin, ambako tovuti ya kuuza mwenyewe ilipata umaarufu mkubwa. Utafiti wao uliotoka mwaka 2009 haukuona ushahidi kwamba kupitia dalali na MLS kulimpa muuzaji bei kubwa ya maana. Kwa hiyo aliyefanikiwa kuuza mwenyewe aliokoa kamisheni. Lakini walikuta pia kwamba MLS iliharakisha mauzo, na baadhi ya walioanza wenyewe waliishia kurudi kwa dalali. Kasi, basi, ilikuwa huduma ya kweli. Kwa mtu anayehama kikazi mwezi ujao, kasi ni pesa.

Hapo bado vitu viwili vimefungwa pamoja: dalali, na daftari la pamoja. Kipi kinafanya kazi? Douglas Bernheim na Jonathan Meer walivitenganisha kwa kutumia nyumba za wahadhiri zilizo kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Stanford. Pale chuo kina orodha yake, na muuzaji anaweza kutangaza humo awe na dalali au asiwe naye. Katika mazingira hayo, waliotumia dalali waliuza kwa bei ya chini, kwa asilimia 5.9 hadi 7.7. Tusiivute namba hii kupita kiasi: Stanford ni soko dogo, wauzaji na wanunuzi wanafanya kazi sehemu moja, na wote wamesoma. Inachotuambia ni kwamba sehemu kubwa ya thamani tunayompa dalali inaweza kuwa ni thamani ya daftari lake.

Basi kwa nini muuzaji asichague dalali wa bei nafuu?

Hapa tunarudi kwenye lile wazo nililosema ulishike. Panle Jia Barwick, Parag Pathak na Maisy Wong walichambua nyumba 653,475 zilizotangazwa mashariki mwa Massachusetts kati ya 1998 na 2011. Nyumba zilizotoa kamisheni ndogo zilikuwa na uwezekano mdogo wa kuuzwa kwa asilimia 5, na zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 12.

Ukisoma namba hizo harakaharaka utasema: si unaona, rahisi ghali! Dalali wa bei ndogo ni mvivu. Lakini watafiti walifuatilia chanzo, na hakikuwa uvivu wa dalali wa muuzaji. Chanzo kilikuwa madalali wa upande wa pili. Walipoona kwenye daftari kwamba nyumba fulani inawapa sehemu ndogo, walikuwa wagumu kuwapeleka wateja wao huko. Kampuni mpya zilizojaribu kutoza kidogo nazo zilikua polepole kuliko zilizotoza kama wenzao.

Kwa hiyo jibu la swali letu lina sura mbili. Katika soko lile, muuzaji aliyelipa kamisheni kubwa kweli alifaidika ukimlinganisha na jirani yake aliyelipa ndogo. Lakini alichonunua ni njia ya wazi kwa wanunuzi, na ujuzi mkubwa zaidi haukuwamo kwenye bei hiyo. Kila muuzaji mmoja mmoja alikuwa na sababu ya kulipa, na wote kwa pamoja wakawa wanalipa zaidi ya ambavyo wangelipa kama hakuna anayeadhibiwa kwa kulipa kidogo. Mnunuzi naye alipoteza bila kujua, kwa sababu kuna nyumba ambazo hakuonyeshwa kabisa.

Sasa hebu tuulize hela zote hizo ziliishia wapi. Bila shaka madalali walitajirika? Chang-Tai Hsieh na Enrico Moretti walilitazama hilo katika utafiti wa mwaka 2003 wakilinganisha miji ya Marekani. Pale ambapo nyumba ni ghali, kamisheni kwa kila nyumba ni kubwa. Lakini kazi ya udalali ni rahisi kuingia, kwa hiyo watu wengi zaidi wakajiunga, kila mmoja akauza nyumba chache zaidi, na kipato cha dalali wa kawaida hakikuwa kikubwa kuliko cha mwenzake wa mji wa bei nafuu. Muda mwingi uliishia kwenye kugombania wateja: vipeperushi, kadi, kugonga milango. Muuzaji analipa sana, dalali wa kawaida hapati sana, na tofauti inayeyuka katikati. Ndiyo maana sipendi kuisimulia hadithi hii kama ya madalali wabaya na wateja wema. Wengi wao wanahangaika kama sisi.

Mwaka 2023 na baada yake

Oktoba 31, 2023, baraza la mahakama huko Kansas City, Missouri, liliamua kwamba chama cha NAR na baadhi ya kampuni kubwa za udalali walishirikiana kuziweka kamisheni juu, na likataja fidia ya takriban dola bilioni 1.8 kwa wauzaji wa nyumba waliofungua kesi ya pamoja. Machi 2024 NAR ikakubali suluhu ya kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni. Kuanzia Agosti 17, 2024, sehemu ya kamisheni ya dalali wa mnunuzi hairuhusiwi tena kuandikwa kwenye MLS, na mnunuzi anatakiwa kusaini makubaliano na dalali wake, yakitaja malipo, kabla ya kuzungushwa kwenye nyumba.

Angalia kwamba mabadiliko hayo hayakugusa kiwango. Hakuna aliyesema asilimia iwe 3 au 4. Kilichobadilika ni nani anaona nini, na lini malipo yanajadiliwa. Mahakama ya mwaka 1950 ilikataza jedwali na asilimia ikabaki. Safari hii imeguswa njia iliyokuwa ikiibeba asilimia hiyo. Muuzaji bado anaweza kukubali kumlipia mnunuzi dalali wake, ila ni jambo la kujadiliana nje ya daftari.

Na mfumo si lazima uwe huo. Uingereza muuzaji kwa kawaida hulipa kati ya asilimia 1 na 2, kwa dalali wake tu. Mnunuzi hutafuta mwenyewe kwenye tovuti na mara nyingi hana dalali kabisa. Nyumba zinauzwa. Mnunuzi wa kule ana malalamiko yake pia, lakini angalau hana shaka kwamba yule anayemfungulia mlango anamfanyia kazi muuzaji.

Na sisi?

Neno dalali limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuonyesha au kuongoza, na ndugu yake ni neno dalili. Dalali kwa asili ni mwonyeshaji. Bado hiyo ndiyo kazi yake kubwa kwetu, kwa sababu hatuna daftari la pamoja kama MLS. Daftari liko kichwani mwa dalali na kwenye simu yake. Ndiyo maana unakuta madalali watatu wamesimama kwenye mlango mmoja, kila mmoja akidai sehemu yake: mmoja anamjua mwenye nyumba, mwingine anamjua huyo anayemjua, na wa tatu ndiye aliyekuleta.

Sitachukua asilimia 3.7 ya Chicago nikaibandika Kinondoni. Masoko ni tofauti. Lakini hesabu ya motisha haijali mipaka. Anayelipwa kodi ya mwezi mmoja analipwa mkataba ukifungwa, na kodi ikiwa kubwa naye anapata zaidi, hata kama mlipaji ni wewe mpangaji. Anayeuza kiwanja cha urithi cha familia kwa asilimia ya bei ana haraka kuliko familia yenyewe. Hilo halimfanyi kuwa mwizi. Linakuonyesha ushauri wake uupime kwa mizani gani.

Kwa hiyo ukifika zamu yako, swali la "unatoza asilimia ngapi?" liwe la mwisho. Kabla yake uliza: nani anakulipa, na je, upande wa pili nao unakulipa? Ukisubiri mwezi mmoja zaidi kwa ajili yangu, wewe utaongezewa nini? Nikiuza mwenyewe, ni kitu gani hasa nitakosa: wateja, taarifa za bei, au mtu wa kunijadilia? Kama ni bei, mlipe mthamini akupe makadirio ambayo hayategemei mauzo kufungwa. Kama ni uhalali wa hati, mlipe mwanasheria afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Kama ni wateja, hapo ndipo dalali anapostahili hela yake.

Na unaweza kubadili umbo la malipo. Mnaweza kukubaliana asilimia ndogo hadi bei fulani, na sehemu kubwa zaidi kwa kila shilingi inayozidi hapo. Utagundua kwamba hicho ni cha juu kilichoandikwa kwenye karatasi na kuonekana na wote. Bei ya kuanzia ipangwe kwa makadirio ya yule mthamini, si ya dalali, la sivyo ataitaja ndogo ili kinachozidi kiwe chake, na mtakuwa mmerudi pembeni mwa barabara ya karne ya 19.